Roboti na Mtoto Mwenye Kisukari: Sisi wa Ngara na Biharamulo Tunajifunza Nini?



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), ambaye hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa yake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na ahli zake na sahaba zake.

Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi, katika toleo hili tumeona tueleze jambo ambalo kwa kulisikia mara ya kwanza litaonekana ni la nchi za mbali: matumizi ya roboti katika kuwasaidia watoto wenye kisukari wajitunze wenyewe. Hatuleti habari hii ili watu wachangishane fedha za kuagiza roboti. Tunaileta kwa sababu waliozitengeneza roboti hizo walilazimika kwanza kujiuliza swali ambalo linatuhusu na sisi: mtoto mwenye kisukari, akishapata dawa, anahitaji nini kingine kila siku ili aishi salama? Majibu waliyoyapata yana faida hata kwa kijiji kisicho na umeme.

Kisukari cha utotoni ni nini?

Wengi wetu tukisikia neno kisukari humfikiria mtu mzima, mara nyingi mwenye uzito mkubwa. Hicho ni kisukari cha aina ya pili. Kinachowapata watoto zaidi ni cha aina ya kwanza, nacho chanzo chake ni tofauti. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka ikaharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Insulini ndiyo inayoiwezesha sukari itokanayo na chakula kutoka kwenye damu na kuingia ndani ya mwili ikatumike. Isipokuwepo, sukari hurundikana kwenye damu huku mwili wenyewe ukifa njaa.

Ugonjwa huu hauletwi na kula pipi wala miwa. Hauambukizi. Wala si kurogwa. Mzazi hana kosa na mtoto hana kosa.

Dalili zake ni hizi: mtoto anakojoa mara nyingi, pengine aliyekwisha acha kukojoa kitandani anaanza tena, ana kiu isiyokatika, anakula lakini anakonda, na anachoka upesi. Akicheleweshwa, huanza kutapika, tumbo kumuuma, kupumua kwa kasi na kwa kina, na pumzi yake kutoa harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hapa ndipo ilipo hatari kubwa kwa wilaya zetu. Malaria tunaijua sote, na mtoto akitapika na kulegea jambo la kwanza tunalolidhania ni malaria. Mtoto anaweza kutibiwa malaria, au akazungushwa kwa waganga, huku sukari inapanda, mpaka anapoteza fahamu na kufariki. Kipimo cha kumwokoa ni tone moja la damu kwenye ncha ya kidole. Mzazi anapompeleka mtoto mwenye dalili hizi kituo cha afya, aseme bila woga: "Tunaomba na sukari ipimwe."

Kabla ya mwaka 1922 mtoto aliyepatwa na kisukari hiki hakuwa na tiba. Mwezi Januari mwaka huo, mjini Toronto nchini Canada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa insulini akiwa mahututi, akapata nafuu. Wagunduzi Frederick Banting, Charles Best, John Macleod na James Collip wanakumbukwa kwa kazi hiyo. Haki ya uvumbuzi huo iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 tu kwa kila mwenye haki, ili dawa isiwe ya matajiri peke yao.

Kazi asiyopumzika mtoto

Insulini haiponyi kisukari. Inamwezesha mtoto kuishi, kwa sharti kwamba kila siku ifanyike kazi ambayo kongosho lake limeshindwa kuifanya. Apime sukari mara kadhaa. Achome sindano kila siku, wengine zaidi ya mara moja. Akadirie chakula: sahani ya ndizi na maharage si sawa na ugali wa muhogo, na viazi vitamu viwili si sawa na vinne. Akumbuke kuwa mpira, jembe na ndoo ya maji kichwani hushusha sukari. Aandike namba. Na juu ya yote, atambue mwenyewe sukari inaposhuka ghafla.

Mtu mzima akipewa kazi hii huchoka. Mtoto wa miaka tisa hana Ijumaa wala Idi ya kupumzika nayo. Tena mama hayupo naye kila mahali. Asubuhi yuko shule, jioni yuko madrasa, na katikati yuko njiani, kisimani au malishoni. Kwa hiyo lazima afundishwe kujitunza mwenyewe hatua kwa hatua. Hapo ndipo roboti zilipoingia.

Roboti ni nini?

Roboti ni mashine iliyopangiwa programu ili ihisi kilicho mbele yake na kutenda bila kuongozwa kila mara na mkono wa mtu. Wazo hili si geni katika historia ya Uislamu. Mwaka 1206 fundi Ismail al-Jazari, aliyewatumikia watawala wa Diyarbakir, alikamilisha kitabu cha vifaa vya ufundi chenye michoro ya saa za maji, sanamu za wapiga muziki zinazojiendesha, na mashine ya kunawia ambayo watumishi wake wa kutengenezwa humletea mtu sabuni na taulo.

Wala si jambo lililo mbali na mipaka yetu. Sisi wa Ngara tunapakana na Rwanda pale Rusumo. Mwezi Mei 2020, wakati wa maradhi ya korona, Rwanda ilipokea roboti 5 kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Zilitumika kupima joto la wagonjwa na kupeleka vitu wodini ili wauguzi wasiambukizwe. Hizo zilikuwa za kuwalinda wahudumu. Roboti za watoto wenye kisukari zilikuwa na kazi nyingine.

Hospitali ya San Raffaele, Milan

Kati ya mwaka 2010 na 2014 Umoja wa Ulaya uligharimia mradi ulioitwa ALIZ-E. Chuo Kikuu cha Plymouth cha Uingereza kiliuongoza, na mahali pake pakubwa pa majaribio palikuwa Hospitali ya San Raffaele mjini Milan, Italia, kwa watoto wenye kisukari. Roboti iliyotumika huitwa Nao, iliyotengenezwa na kampuni ya Aldebaran ya Ufaransa. Ina umbo la mtu mdogo, urefu wake ni kama sentimita 58, yaani haifiki kiunoni kwa mtoto wa darasa la tatu. Inatembea, inachezesha mikono, inasema na kusikiliza.

Nao haikumchoma mtoto sindano wala kumpangia dozi. Kazi hiyo ilibaki kwa daktari. Yenyewe ilicheza naye. Mchezo mmoja ulikuwa wa maswali na majibu juu ya chakula na kisukari, kwa zamu: mara roboti inauliza, mara mtoto anauliza. Roboti haikupangwa ijue kila kitu, nayo ilikosea. Mchezo mwingine ulikuwa wa kuigana mikono na kucheza. Ilimwita mtoto kwa jina lake na kukumbuka waliyoyafanya walipokutana nyuma.

Mradi uliofuata, ulioitwa PAL, ulianza mwaka 2015 hadi 2019 huko Uholanzi na Italia. Hapo mtoto alikutana na roboti hospitalini, kisha nyumbani akaendelea kuonana na picha ya roboti huyo huyo kwenye kompyuta ndogo ya mkononi. Mtoto na muuguzi walipanga malengo pamoja, kwa mfano kujua dalili za sukari kushuka au kujichoma sindano mwenyewe, na roboti ikamkumbusha na kumpongeza. Pia ilimhimiza kuandika daftari la kila siku: amekula nini, amepima ngapi, amejisikiaje.

Roboti inayojifanya mgonjwa

Katika majaribio yote hayo tunaloliona lina mafunzo zaidi ni la Matthew Lewis na Lola Cañamero wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, waliloliandika mwaka 2016. Walichukua Nao wakaipa jina Robin, wakaipangia tabia za mtoto mchanga anayeanza kutembea. Robin anazunguka chumbani, anataka kucheza, anaona njaa, anaona kiu, anachoka. Tena Robin "ana kisukari". Sukari yake inapanda na kushuka kulingana na anavyokula na kucheza.

Mtoto mwenye kisukari anaachiwa chumba hicho awe mlezi wa Robin. Hakuna mzazi wa kumwelekeza. Lazima amtazame Robin, atambue kwamba amelegea, ampime, aamue kama anahitaji chakula, kinywaji au insulini. Mtoto ambaye siku zote yeye ndiye anayetazamwa na kuulizwa "umechoma sindano?", sasa yeye ndiye anayemtunza mwingine. Kusudi la watafiti lilikuwa kumjengea mtoto imani kwamba ugonjwa huu anaumudu.

Sisi wa madrasa jambo hili tunalijua kwa njia nyingine. Mwanafunzi aliyefika juzuu za juu tukimpa wadogo wa alifu-bee-tee awasomeshe, yeye mwenyewe herufi zake hunyooka. Anayefundisha hujifunza mara mbili. Watafiti wa Ulaya wamelifikia hilo kwa mashine.

Faida na mipaka yake

Maarifa ya watoto waliocheza maswali na roboti yaliongezeka. Katika jaribio dogo la Uholanzi, watoto wachache walipoandika daftari pamoja na roboti waliandika zaidi na kueleza mambo yao ya moyoni zaidi kuliko walipoandika peke yao. Sababu moja iko wazi. Roboti haikaripii. Mtoto akisema "leo nimekula keki mbili", haikunji uso. Mtoto anayegombezwa kila namba inapokuwa kubwa hujifunza kuandika namba za uongo, na daktari akipanga dozi kwa namba za uongo, mtoto anadhurika.

Mipaka nayo ipo. Watoto waliupenda urafiki wa roboti ya kushikika kuliko picha yake kwenye kioo, maana yake kuwepo kwa mwenza mbele ya macho kuna uzito. Roboti moja iligharimu maelfu ya dola. Inaharibika, inahitaji umeme na fundi, na haizungumzi Kihangaza wala Kisubi. Na mwaka 2025 kampuni ya Aldebaran yenyewe ilifilisiwa kwa amri ya mahakama nchini Ufaransa. Ukitegemea mashine pekee, siku mwenye mashine akianguka, na wewe umeanguka.

Maswali ambayo mzazi Muislamu anaweza kuuliza

Je, roboti yenye umbo la mtu si sanamu iliyokatazwa? Suala la sanamu wanavyuoni wamelijadili kwa upana, na mwenye shaka amuulize sheikh wake. Lakini inajulikana katika hadithi sahihi kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere aliowachezea, na Mtume (S.A.W.) hakumkataza. Wanavyuoni wengi wameichukua hadithi hiyo kuwa ruhusa ya vitu vya kuchezea na kufundishia watoto.

Je, insulini si ya nguruwe? Zamani insulini ilitolewa kwenye kongosho la ng'ombe na nguruwe. Tangu mwaka 1982 imekuwapo insulini ya aina ya binadamu, inayotengenezwa kwa kutumia bakteria au hamira, na ndiyo aina inayotolewa zaidi siku hizi. Mzazi asimwachishe mtoto dawa kwa shaka hii. Mtoto wa aina ya kwanza akikosa insulini hata kwa siku chache, maisha yake yako hatarini.

Kazi ya roboti tunaiweza

Tukiigawa kazi ya roboti, tunaona ni mambo manne ambayo nyumba, shule na madrasa zinayaweza.

1. Mwenza. Mtoto mwenye kisukari apewe rafiki mmoja darasani anayejua hali yake, kwa ridhaa ya mtoto na wazazi wake. Watembee pamoja kwenda na kurudi. Ustadh na mwalimu wa shule nao wajue. Mwenza atunze siri na asimfanye mwenzake kuwa kichekesho.

2. Maswali na majibu. Kaka na dada wamuulize jioni, kwa zamu kama mchezo: sukari ikishuka utajisikiaje? Ukienda shamba utabeba nini? Baba naye akubali kuulizwa, na akikosea akubali kusahihishwa.

3. Kufundisha. Mtoto aliyezoea apewe nafasi ya kumfundisha mdogo wake, au mtoto mwingine aliyegunduliwa karibuni. Tusimfanye awe wa kutazamwa tu.

4. Daftari bila karipio. Daftari la kurasa 40 linatosha. Namba ikiwa kubwa, tuulize "leo kulikuwa na nini?" badala ya "umefanya nini tena?" Daftari hilo ndilo la kumpelekea daktari.

Liko jambo la tano ambalo roboti haliwezi, nalo ni dharura. Mtoto mwenye kisukari akianza kutetemeka, kutoka jasho, kuona njaa kali, kuwa mkali bila sababu au kuchanganyikiwa, sukari imeshuka. Kipimo kikisomeka chini ya 4, au kipimo hakipo, apewe mara moja vijiko viwili hadi vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kidogo. Apimwe tena baada ya dakika 15. Kama bado, arudiwe. Kisha ale chakula. Akiwa amezimia asipewe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali haraka. Asiachwe peke yake wala asitumwe kurudi nyumbani mwenyewe. Tunashauri kila madrasa iwe na sukari kidogo iliyofungwa vizuri kabatini.

Kuhusu kuhifadhi insulini mahali pasipo na jokofu, iko habari njema kutoka Kenya. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza matokeo ya utafiti uliotokana na kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab. Insulini iliyokaa wiki 4 katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu. Chungu cha udongo chenye unyevu, kivulini, kinasaidia kupunguza joto. Hata hivyo isiwekwe juani wala karibu na moto, isigande kwa baridi, na kila mtu afuate maelekezo ya kituo anachotibiwa.

Wapi pa kwenda? Anzieni hospitali iliyo karibu, iwe Murgwanza, Rulenge au Biharamulo, na muulize utaratibu wa watoto wenye kisukari na rufaa ya kwenda Bukoba, Chato au Bugando. Kipo pia Chama cha Kisukari Tanzania. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizomo katika mpango wa kuwapatia watoto insulini na vifaa bila malipo, ulioanzishwa mwaka 2009 na kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark na washirika wake. Mzazi asikate tamaa kwa bei kabla hajauliza.

Neno kuhusu Ramadhani

Watoto wetu hushindana kufunga, na ushindani huo tunaupenda. Kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kufunga bila idhini ya daktari ni hatari. Asiyebaleghe hajafaradhishiwa. Aliyebaleghe na akawa mgonjwa, Allah (S.W.) amempa ruhusa katika Suratul Baqara, na anayeikubali ruhusa ya Mola wake hapungukiwi imani. Mwenye uwezo wa kufunga kwa idhini ya daktari asiogope kupima kidole. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wanaona hakufunguzi, na vivyo hivyo sindano ya insulini. Sukari ikishuka afungue papo hapo, hata kama magharibi iko karibu. Wanafunzi, mkimwona mwenzenu anakula mchana, msimcheke. Huenda anailinda amana ya uhai aliyopewa.

Hitimisho

Wenye uwezo waliitengenezea mashine moyo wa kuigiza ili mtoto mgonjwa apate mwenza anayemjua kwa jina, anayemuuliza bila kumkaripia, na anayekubali kufundishwa naye. Sisi tuna ndugu, majirani, wanafunzi na waalimu wenye mioyo ya kweli. Itakuwa aibu mtoto wa Ngara au Biharamulo apotee kwa kukosa mtu wa kumtazama usoni na kusema, "Leo huko sawa, hebu tupime."

Tunamuomba Allah (S.W.) awape shifaa watoto wetu wote wagonjwa, awape subira wazazi wao, na atujaalie tuwe wenza wema. Amin.

Wabillahi tawfiq.